Ombi Lako Limepokelewa

Jumapili, 2 Februari

Mume wangu, mume wangu, mume wangu,

Nimeliandika mara tatu kwa sababu neno lenyewe bado jipya, nalionja. Leo dukani nimemwambia muuza sukari, "Mume wangu anapenda ile nyeupe," na wala hupo wa kuitumia. Nilitaka tu kulisema mbele za watu. Muuza sukari akanijibu, "Hongera dada, lakini kuna foleni nyuma yako."

Wiki moja ya ndoa, kisha kazi ikakuchukua! Nikisimama dirishani nauona mnara wa kituo chenu ng'ambo ya mto. Gari likitoka huko linafika hapa chai haijapoa. Na bado siwezi kukugusa, siwezi hata kukupigia. Ni kazi gani ya kompyuta ambayo mtu anaacha simu yake getini na kulala humohumo mpaka aimalize? Najua, ulinieleza: mashine zenu zina siri za wagonjwa, na anayezifungua hatoki ovyo. Haya, mpenzi. Afadhali tumempata huyu dereva wa gari la wagonjwa, huyu mnayemwita Breki kwa sababu hajui matumizi yake. Kila akipita huku atachukua yangu na kuleta yako. Malipo anayotaka ni kusifiwa udereva. Nimemsifu mpaka nimeona aibu.

Wifi yangu amehamia chumba cha nyuma na tumbo lake, kama ulivyotaka, maana mume wake hajarudi safari na mwezi wake ni huu. Ananitania tangu asubuhi. "Bi harusi, hiyo ni barua au unafua karatasi kwa machozi?" Nampenda dada yako. Nampenda kila aliyewahi kukubeba mgongoni.

Nyumba yetu bado haina namba, mtaa wote huu mpya hauna. Kwa hiyo nimechukua rangi iliyobaki ya kabati nikachora ua mlangoni, jekundu, kubwa kama sinia. Wifi anasema linafanana na nyanya iliyokanyagwa. Mwache. Anayetuuliza sasa anaambiwa: nendeni mpaka mlango wenye ua jekundu.

Mama yako alininong'oneza siku tunaondoka ukumbini: "Mwanangu, aliye kazini haandikiwi mabaya. Mabaya yameze hukohuko." Nimeahidi. Kwangu utapata asali tu.

Swali dogo. Breki anasema mchana kutwa unahangaika na Rubi. Rubi ni nani?

Mkeo (mkeo! mkeo!)


Alhamisi, 6 Februari

Mke wangu,

Weka mwiko chini. Rubi si mtu. Ni lugha ya kuandikia programu, imepewa jina la kito chekundu. Hana macho, hana nyonga, na akikasirika anatoa maandishi. Wewe ukikasirika unanyamaza, kwa hiyo yeye ni rahisi zaidi.

Uliniuliza siku ile kitandani nafanya nini hasa, nikaanza kukueleza, ukalala. Jaribu tena sasa, umekaa. Zamani mtu akitaka gari la wagonjwa alipiga simu. Namba ile imefungwa. Siku hizi anajaza ombi kwenye simu yake: jina, namba ya simu, namba ya nyumba, maelezo kidogo. Programu inampangia gari, na Breki anaona pa kwenda kwenye kioo chake. Ubaya ni kwamba programu ikianguka katikati, hakuna anayejua. Fundi aliyenitangulia alikuwa mwoga wa lawama. Kila mahali panapoweza kuharibika ameweka neno la Rubi lenye maana ya "okoa", na chini yake hakuandika kitu. Yaani ukianguka, inuka, jipanguse, usimwambie mtu. Neno hilo linaiokoa programu. Mgonjwa halimjui.

Mimi nimeletwa kuweka mlinzi. Ni programu ndogo inayokaa ndani ya ile kubwa. Kubwa ikianguka, mlinzi anaandika imeangukia mstari gani na ilikuwa imebeba nini, kisha analia kwenye kioo kilicho ukutani. Nimeshampa ufunguo wake. Nimemwagiza afiche majina na namba za simu za wagonjwa kabla ya kuandika taarifa. Nimemwambia alinde mashine ipi na aiache ipi.

Kilichobaki kilikuwa kuangusha programu kwa makusudi, kosa la uongo, nione kama atalia. Ndivyo mafundi wote wanavyofanya. Meneja kakataa. "Wageni wanapita hapa kila siku. Sitaki wekundu kwenye ukuta wangu. Unaijua kazi yako au huijui?" Nikasema naijua.

Dada yangu hajambo? Mwambie aache kubeba ndoo.

Mumeo, ambaye analalia mkono wake akiuita wewe


Jumatatu, 10 Februari

Moyo wangu wa pili,

Barua yako nimeisoma jikoni, nikaisoma uani, nikamsomea wifi pale panaposomeka kwa sauti. Unalalia mkono ukiuita mimi! Leo nimeubusu mto wako mpaka wifi akagonga ukuta: "Huo mto una mwenyewe, uache upumue!"

Hapa shwari kabisa. Mapazia yamekaa vizuri. Kuku wa jirani ametaga chini ya ngazi yetu na tumegombana kwa upole kuhusu yai. Jirani yetu wa nyumba ya tatu, yule mwenye mimba aliyekuja kutusaidia kutundika mapazia... basi, hilo nitakusimulia ukija.

Wifi mzima, anacheka. Nimemnunulia viatu vipya, vikubwa zaidi, vile vyake vimeanza kumbana. Ananifundisha kushona nguo za mtoto, ila ananiachia mimi kutunga uzi kwenye sindano, anasema macho yake siku hizi yana nyotanyota. Tunacheka sana.

Kuna jambo nataka kukuuliza, la kawaida tu, usilitilie maanani. Mtu akituma ombi la gari na simu ikamjibu "Ombi lako limepokelewa, tulia", ndiyo gari linakuja, sivyo? Linakuja kila mara?

Nakupenda kuliko ninavyojua kuandika. Mwalimu wangu wa insha alisema natumia alama za mshangao kupita kiasi, lakini yeye hakuwahi kuolewa na wewe!!!

Mkeo wa mlango wenye ua


Ijumaa, 14 Februari

Asali,

Kijani! Ukuta mzima kijani! Tangu mlinzi ameanza kazi hajalia hata mara moja. Hakuna anguko, hakuna kosa. Meneja amewaita watu wa ofisi zote, akanishika bega kama tumezaliwa tumbo moja, akasema, "Huyu kijana ameuponya mfumo." Nimepigiwa makofi. Nilitamani ungekuwepo unione.

Swali lako: ndiyo, likisema limepokelewa, limepokelewa. Ningejua kama si hivyo. Mlinzi angeniambia.

Umemnunulia dada yangu viatu! Kwa moyo huo nitakuoa tena.

Nakuandikia nikiwa nimekaa mbele ya ule ukuta, na nitakwambia kitu kidogo cha kijinga. Ukuta huu unanitisha. Rubi ninayemjua ana kelele. Programu ya watu wengi namna hii lazima ijikwae mahali, hata kwa herufi. Hii haijikwai. Nimemwambia Meneja, "Niruhusu niiangushe mara moja tu." Akacheka: "Wewe ndoa imekulegeza. Mtu amepewa amani, anatafuta ugomvi." Pengine ni kweli. Pengine ni kukukosa tu.

Mumeo


Jumatatu, 17 Februari

Mume wangu,

Leo sina asali. Mama atanisamehe.

Miguu ya dada yako imevimba mpaka magotini. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Kichwa kinamuuma hawezi kutazama mwanga. Zile nyota machoni hazikuwa mzaha, na hakuna aliyekuwa anacheka. Aliniapisha nisikwambie. "Kaka yangu akijua ataruka ukuta, atapoteza kazi. Miguu ya mjamzito haijawahi kuwa ya twiga." Nikakaa kimya. Nilijiona mke mwema.

Na jirani wa mapazia. Uchungu ulimwanza mchana kweupe, watu wote wakiwa kazini. Alituma ombi mwenyewe, mimi nikiwa nimemshika. Simu ikajibu: Ombi lako limepokelewa, tulia. Tukatulia. Tulitulia mpaka akajifungulia sakafuni, kichwa chake mapajani kwangu. Mtoto hakulia.

Alijua wewe unafanya kazi huko. Aliniambia, "Mwambie mumeo gari halikuja." Mimi nikakuandikia habari za kuku.

Niliona nikikwambia nitakuvunja. Nikaona labda wao walikosea kujaza. Nikakuuliza kwa kuzungukazunguka, nawe ukanijibu kwa furaha, na barua yako nimeikumbatia nikilia, kwa sababu ukuta wako ni kijani na mimi niliiona ile sakafu.

Siku ya dada yako ikifika, nikituma ombi, gari litakuja? Nijibu kama fundi. Usinijibu kama mume.

Mkeo


Jumanne, 18 Februari, asubuhi

Mke wangu,

Breki amenipa barua yako getini. Nimeisoma nimesimama, nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye mashine, nikaiangusha programu. Sikumwomba mtu. Niliandika kosa la makusudi, kubwa, lisilofichika, nikageuka kutazama ukuta.

Kijani.

Nikaangusha tena. Kijani. Mke wangu, sijawahi kuogopa rangi maishani.

Nimeona kosa, na ni langu. Kila mashine hupewa jina la mahali ilipo. Mashine yenye kubeba kazi za watu, karibu kote, huitwa "uzalishaji", nami nikamwagiza mlinzi alie akiwa kwenye uzalishaji tu, asitusumbue kwa mengine. Sikutazama. Aliyenitangulia hii aliibatiza "kituoni". Mlinzi wangu alikuwa yupo mlangoni siku zote hizi, macho wazi, akingoja kufikishwa mahali ambapo tayari amesimama. Ningeijaribu siku ya kwanza ningeliona kabla sijamaliza kukohoa. Niliogopa kuonekana siijui kazi.

Nimebadilisha jina. Nimeangusha tena, na ukuta ukawa mwekundu wote, ukalia, wageni wakashika masikio. Meneja akaja mbio: "Nani amekuruhusu?" Nikasema, "Mke wangu." Sasa napita kwenye kila "okoa" iliyonyamazishwa, naandika chini yake: mwambie mlinzi. Ziko nyingi. Nakosea herufi, nafuta, naandika tena.

Swali lako, kama fundi: sijui. Gari linaweza lisije. Mengine yanakuja na mengine hayaji, na bado sijajua kwa nini. Kwa hiyo usingoje siku. Breki akimaliza kujaza mafuta nampa barua hii, aje ambebe dada yangu leo hii, hata kama anabisha, hata kama anacheka. Ukimwona

Mlinzi analia. Si mimi niliyeangusha. Ngoja nitazame.

Jina limefichwa. Simu imefichwa. Namba ya nyumba: hakuna. Maelezo: mjamzito amekakamaa hasemi mlango wenye ua jekundu njooni

Namtuma Breki


Jumanne, 18 Februari, hospitali, kwenye benchi

Mume wangu,

Naandika nyuma ya karatasi yako isiyo na mwisho, sina nyingine. Breki aliitupa mapajani kwangu ndani ya gari na sikuifungua mpaka walipofunga ule mlango na dada yako akiwa upande wa pili.

Nilikuwa namchania nywele. Akasema, "Wifi, mbona umezima taa?" na jua lilikuwa linawaka dirishani. Kisha mwili ukamkaza kama ubao, macho yakageuka, povu. Nilimlaza ubavu. Nikatuma ombi kwa kidole kimoja, mkono mwingine chini ya kichwa chake. Namba ya nyumba nikaruka, tutaitoa wapi? Nikaandika ua.

Ombi lako limepokelewa, tulia.

Nilipiga kelele hiyo simu ikiwa mkononi. Nilijua kinachofuata, nilishakaa kwenye sakafu ile. Nikatoka barabarani kusimamisha pikipiki. Wa kwanza alimwona wifi kupitia mlangoni akaondoa pikipiki. "Huyo anafia mgongoni kwangu, dada." Jirani wa mapazia ndiye aliyekuja. Bado hajapata nguvu za kutembea vizuri, alikuja akishika ukuta. Akakaa chini, akamchukua wifi kichwa akakiweka mapajani kwake, kama nilivyomshika yeye.

Halafu king'ora. Breki hata hakuzima gari. "Shemeji, panda! Mumeo amenitukana matusi ambayo mama yangu hayajui!"

Wanamfanyia upasuaji. Daktari amesema presha, akasema mmechelewa kidogo, akasema tutaona. Tutaona nini, mpenzi? Nilitaka kumshika koti. Kiatu kimoja cha wifi kimebaki nyumbani, kingine nimekishika hapa. Mtu akipita na toroli nasimama, kisha nakaa tena.

Naogopa. Sijawahi kukuandikia neno hilo. Naogopa, naogopa, naogopa. Nimeliandika mara tatu.

Mkeo


Alhamisi, 20 Februari

Mke wangu,

Breki amerudi juzi jioni akanambia "wapo wawili, wote wanapumua", kisha akakaa kwenye ngazi akalia kama mtoto, dereva mzima. Sikuweza kuandika jana. Leo naweza kidogo.

Sababu nimeipata, taarifa ya ombi lako ilinipeleka mpaka kwenye mstari wenyewe. Rubi ana neno kwa kitu kisichokuwepo. Nyumba isiyo na namba, kwake ni "hakuna". Na programu ilikuwa inaiuliza hiyo "hakuna": namba yako iko mtaa upi? Asiyekuwepo hajibu, kwa hiyo programu inaanguka, "okoa" inaiinua, kimya. Lile jibu la kupokelewa lilikuwa linatumwa mstari wa juu yake, kabla hata gari halijatafutwa. Kila nyumba yenye namba ilipata gari. Mtaa wetu, na kila mtaa mpya kama wetu, ulipata neno "tulia".

Nimeirekebisha. Jibu sasa linatoka dereva akishakubali. Nilimwambia Meneja lazima wananchi waambiwe na ile namba ya zamani ya simu ifunguliwe. Akasema tusubiri, tusitie watu hofu. Nikageuza kioo cha ukutani kikatazama dirisha la barabarani, chekundu vilevile. Hofu ipo tayari, Meneja, nikasema, tunachoficha ni sababu yake. Namba imefunguliwa jana mchana. Kazi sijui kama ninayo. Sijauliza.

Lakini sikiliza. Maombi yaliyoanguka kabla mlinzi hajaanza kulia hayakuandikwa popote. Siwezi kujua ni wangapi. Nimekaa mbele ya mashine nikitafuta, hakuna hata alama ya kidole. Walituma, wakajibiwa, wakatulia. Mmoja ninamjua, alitutundikia mapazia. Nitakwenda kwake nikitoka, kabla ya kuingia kwetu. Sijui nitasema nini. Utakuja nami?

Na wewe usinimezee tena. Mimi na yule fundi mwoga tumefanya kosa moja, na mama yangu alikupa fundisho lilelile kwa mapenzi. Niandikie mabaya. Niandikie mabaya kwanza.

Mumeo, anayeogopa


Jumapili, 23 Februari

Mume wangu, mume wangu, mume wangu,

Mabaya kwanza, kama ulivyoagiza. Mtoto ana macho ya njano, wanamweka kwenye taa. Kidonda cha wifi kinatoa maji, na mkono wake wa kushoto bado mzito. Mama yako amejua yote na amenikasirikia kwa kutosema, kisha nikamkumbusha alichoninong'oneza, akaenda kukaa peke yake uani kwa muda mrefu. Bomba la jikoni linavuja. Nikisikia king'ora natoka mbio mpaka barabarani. Nikifumba macho naona povu. Jana simu iliita tu, nikaitupa. Kioo kimepasuka.

Jirani nimemwambia kwamba utakuja. Akasema, "Aje. Nitamfungulia. Kumsamehe sijui." Nitakuja nawe. Nitakushika mkono, na kama akitufukuza nitaendelea kuushika.

Sasa mazuri. Ni msichana, ana nywele nyingi kama brashi! Wifi amezungumza. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Kiatu changu kiko wapi?" La pili: "Lile nyanya lako limeniokoa, nisikusikie ukiringa." Nitaringa mpaka nizeeke!

Watu wa kupaka namba wamefika mtaani asubuhi. Nimewaacha wapake, kubwa, inayosomeka hata kwa kipofu. Mmoja alitaka kulifuta ua. Nimemwambia akiligusa atapakwa yeye.

Njoo mapema. Nakupenda kwa alama zote za mshangao nilizonazo, na ukiona nimeandika asali peke yake, ulizia chini yake kuna nini. Na siku nikinyamaza, usifurahi. Njoo.

Mkeo